Putin na Xi wanazungumzia kufika miaka 150: Ni haki umri kuuzwa kama bidhaa?

#1 Kisiki cha Mpingo

Habari za muda huu wakuu.

Mtakumbuka Septemba 3, 2025 kule Beijing, siku China ilipofanya gwaride lake kubwa la kijeshi. Putin, Xi Jinping na Kim Jong Un wanatembea kuelekea jukwaani, kumbe vipaza sauti viko wazi. Mkalimani wa Putin akasikika akisema teknolojia ya viumbe hai inakwenda kasi, viungo vya mwanadamu vitakuwa vinapandikizwa tena na tena, mtu atazidi kuwa kijana kadiri anavyoishi, na huenda hata asife. Xi akajibu kuwa wapo wanaotabiri kwamba ndani ya karne hii binadamu atafika miaka 150. Siku hiyo wote wawili walikuwa na miaka 72.

Mitandaoni watu walicheka, wakahamia kwenye mambo mengine. Mimi lile jambo limenikaa. Angalieni waliokuwa wanaongea ni akina nani. China ilifuta ukomo wa mihula ya urais mwaka 2018. Urusi ilibadili katiba mwaka 2020 na Putin anaweza kukaa mpaka 2036. Yaani mabwana hawa walishaondoa kila kizuizi kilichoandikwa kwenye karatasi. Kimebaki kimoja tu, kaburi, na ndicho walichokuwa wanakijadili njiani.

Huku Afrika hali mnaijua. Paul Biya kazaliwa Februari 1933, yuko ikulu ya Cameroon tangu Novemba 1982, na Oktoba 2025 katangazwa mshindi tena akiwa na miaka 92. Na hapo hiyo teknolojia bado haijafika. Tusidanganyane wakuu, kwa nchi nyingi kifo ndiyo tume huru pekee ya uchaguzi tuliyonayo. Sasa wapo wanaotaka kuinunua nayo.

Fedha inayomwagwa huko si ya mchezo. Google ilianzisha kampuni ya Calico mwaka 2013 kuchunguza uzee. Altos Labs ilizinduliwa Januari 2022 ikiwa na dola bilioni 3 mkononi, kazi yake kuendeleza ugunduzi wa Mjapani Shinya Yamanaka, yule aliyeonyesha mwaka 2006 kwamba ukiwasha jeni nne tu ndani ya seli iliyokomaa unaweza kuirudisha utotoni kabisa (alipata Nobel 2012). Sam Altman wa ChatGPT aliweka dola milioni 180 kwenye kampuni inayotaka kumwongezea binadamu miaka kumi ya afya. Halafu kuna Bryan Johnson, aliyeuza kampuni yake ya Braintree kwa dola milioni 800 mwaka 2013, na sasa anasema anatumia kama dola milioni 2 kwa mwaka ili mwili wake usizeeke.

Sijasema kuishi sana ni dhambi. Bibi yangu akifika 110 nitachinja. Ninachouliza ni hiki: kufa ndicho kitu pekee ambacho tajiri na maskini walikuwa wanagawana sawasawa. Kikianza kuuzwa, maskini atabaki na nini cha kumlinganisha na mwenziwe?

Karibuni tujadili kwa staha. Matusi yapelekeni jukwaa la michezo.

#2 Sitaki Shari

Nimewahi siti ya dirishani. Waje wenye sayansi yao.

#3 Bilionea Mtarajiwa

Mkuu Kisiki, uzi mzuri ila umejaa roho ya kwanini.

Tunapata uhuru, wastani wa Mtanzania kuishi haukuwa unafika miaka 45. Leo tunakaribia 67. Hiyo miaka ishirini na zaidi imetoka wapi kama si sayansi? Chanjo, dawa za malaria, maji safi, upasuaji. Mbona hakuna aliyesimama akasema tunaingilia kazi ya Mungu, au wazee wanawazibia vijana? Mtu akiwekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kaongezewa miaka, na tunampa hongera. Ikitoka 67 kwenda 100 ndiyo ghafla imekuwa kosa. Mstari mnauchora wapi, na chaki kawapa nani?

Pili, hela ni zao. Huyo Bryan Johnson anajifanya panya wa maabara kwa gharama zake. Alimeza rapamaisini karibu miaka mitano, dawa iliyotokana na udongo wa kisiwa cha Pasaka na ambayo mwaka 2009 ilionekana kurefusha maisha ya panya waliokuwa tayari wazee. Mwishoni mwa Septemba 2024 akaiacha: ngozi ilikuwa inapata maambukizi, mafuta na sukari kwenye damu havikai sawa, mapigo ya moyo yamepanda. Kaumia yeye, imejifunza dunia nzima. Mnataka nini zaidi?

Simu ya mkononi ilipoingia Dar miaka ya tisini ilikuwa ya wakubwa. Leo mchunga ng'ombe wa Simanjiro anayo mbili. Kila kitu huanza na wenye nacho. Subirini, itawafikia.

#4 Nesi wa Zamu

"Subirini, itawafikia." Mkuu, hilo neno sisi wa wodini tunaijua bei yake.

Dawa iliyowaongezea miaka watu wengi ukanda huu katika uhai wetu ni ARV, haijatoka kwa hao mabilionea. Mseto wa dawa tatu ulithibitika kufanya kazi mwaka 1996. Kuanzia hapo mgonjwa wa Marekani au Ulaya aliyekuwa ameshaandika wosia aliinuka kitandani akarudi kazini. Bei ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ikatangaza kuwa inaweza kuuza mseto huo kwa dola 350 kwa mwaka. Haifiki dola moja kwa siku! Hapa Tanzania mpango wa serikali wa kugawa bure ulianza Oktoba 2004.

1996 mpaka 2004. Hiyo ndiyo "subirini" yako.

Nilianza kazi katikati ya kipindi hicho, hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Wawili kitanda kimoja, wa tatu kwenye mkeka chini. Tulichonacho ni Septrin, dripu na maneno mazuri. Na si kwamba watu hawakujua dawa ipo, walikuwa wanaisoma gazetini. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniomba nimwandikie bei yake kwenye karatasi. Akapiga hesabu ya mshahara wake palepale kwa kalamu yangu, akacheka, akaikunja ile karatasi akaiweka ndani ya Biblia yake. Alikuwa na umri wangu wa sasa hivi.

Kwa hiyo simu si mfano. Aliyeikosa simu 1998 aliinunua 2008, na hakupungukiwa kitu. Aliyeikosa ARV 1998 hayupo kwenye uzi huu.

Ila nawe Kisiki usijifiche nyuma yangu. Angetokea mtu mwaka 1996 akasema "hii dawa isitengenezwe kwa sababu Waafrika hawataipata", ningempiga na sinia la sindano. Ubaya haukuwa kutengenezwa. Ubaya ulikuwa nani ana hataza (haki ya kumiliki ugunduzi wa dawa) na nani anapanga bei. Na kilichoishusha bei haikuwa huruma ya mtu. Sheria ya India wakati ule haikuwa inatoa hataza kwa dawa yenyewe, ilitoa kwa njia ya kuitengeneza tu, ndiyo maana Cipla waliweza. Mwaka 2005 India ikabadili sheria kufuata masharti ya Shirika la Biashara Duniani. Ule mlango umeshafungwa kwa sehemu kubwa. Hiyo dawa ya uzee ikipatikana kesho, Cipla yetu safari hii ni nani? Mjadala mimi nauona hapo, mengine ni stori za kijiweni.

#5 Mkaa Baraza

Assalaam alaykum jamii. Sie wa visiwani hili tunalo muda mrefu.

Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu. Akawambia jitibuni enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kwani hakuteremsha maradhi ila kateremsha na dawa yake, isipokuwa maradhi moja. Wakauliza ni yepi? Akasema: uzee. Basi hao wa Altos Labs na bilioni zao wanashindana na hadithi, tuwaangalie.

Lakini na nyie mnaorukia kusema haramu, nendeni pole. Nabii Nuhu alikaa na kaumu yake miaka elfu kasoro hamsini, imo katika Suratul Ankabut. Umri mrefu kwa muumini si kioja, kila siku tunaombeana. Tunachojikinga nacho ni kurudishwa katika umri dhalili, mtu akawa hajui kitu baada ya kuwa akijua. Kama sayansi inamuondoshea mzee udhalili huo, akaenda msalani kwa miguu yake na akawajua wajukuu zake kwa majina, mie sioni pa kukataza.

Suali langu jengine kabisa. Januari 2022 kule Maryland mtu mmoja kawekewa moyo wa nguruwe, akaishi kama miezi miwili. Machi 2024 Boston mwengine kawekewa figo ya nguruwe, nae vivyo hivyo. Masheikh watatwambia dharura huhalalisha kilichokatazwa, na ni sawa, kanuni ipo. Lakini dharura ni ya mtu anaekufa leo. Mtu wa miaka 90, mzima, anataka kiungo kipya ili afike 150, hiyo nayo dharura au uroho? Nimeuliza barazani, hajatokea wa kunijibu, wamebaki kugombania kahawa.

#6 Sitaki Shari

Mimi niliishiwa nguvu niliposoma kwamba huyo Bryan Johnson mwaka 2023 aliwekewa plazma (majimaji ya damu) ya mwanawe wa miaka 17, na ya kwake yeye akawekewa baba yake wa miaka 70. Ukoo mzima unapokezana damu kama kijiti! Baadaye akasema kwake haikuonyesha faida yoyote.

Na ilikuwepo kampuni huko Marekani inauza plazma ya vijana, lita moja dola 8,000, mpaka Mamlaka ya Chakula na Dawa ya kwao ilipotoa onyo Februari 2019 kuwa hakuna ushahidi kama inatibu uzee na kuna hatari ndani yake.

Bibi zetu wangesikia hii wasingehitaji kuelezwa mara mbili. Huku mtu wa hivyo anaitwa mumiani, kule anaitwa mwekezaji.

#7 Mwalimu Daraja A

Nyie mnaongelea Putin, mimi nastaafu 2028. Naomba turudi kwenye kikokotoo cha pensheni.

Mnajua kanuni iliyoanza Julai 2022 ilileta mkupuo (malipo ya mara moja mtu akistaafu) wa asilimia 33, kelele zikapigwa, na bajeti ya 2024/25 ikatupandisha mpaka 40 sisi tuliokuwa kwenye kanuni ya zamani ya asilimia 50. Wengi mnaishia kwenye hizo asilimia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nikaangalia namba nyingine ndani ya kanuni: 12.5. Zamani kwa mifuko kama PSPF na LAPF ilikuwa 15.5. Tulipouliza semina inatoka wapi, tukaelezwa ni makadirio ya miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi baada ya kustaafu. Sayansi inatuongezea umri, kikokotoo kinaupunguza. Mwajiri ameshanihesabia siku zangu kabla ya Muumba hajasema neno.

Ila niwe mkweli, hoja ya mifuko naielewa. Pensheni ya mwezi unalipwa mpaka unafariki. Ukiishi sana, wao ndio wanaumia. Kuna kisa cha kweli Ufaransa, mji wa Arles, nakipenda sana, wanafunzi wangu wote wanakijua. Mwaka 1965 bibi mmoja, Jeanne Calment, ana miaka 90, hana mrithi. Mwanasheria mmoja, Raffray, ana miaka 47, akaingia naye mkataba wa kwao: nitakulipa faranga 2,500 kila mwezi mpaka ufe, ukifa nyumba yangu. Hesabu nzuri kabisa. Bibi wa 90 ana muda gani? Miaka ikaenda. Bibi akafika 100, anaendesha baiskeli. Akafika 110. Mwaka 1995 Raffray akafariki yeye, ana 77, ameshalipa zaidi ya mara mbili ya thamani ya nyumba na hajalala humo hata siku moja. Mjane wake akaendelea kulipa! Bibi alifariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122, na hakuna binadamu mwingine aliyethibitishwa kufika hapo.

Mfuko wa pensheni ni Raffray. Sasa chukueni watumishi wote wa nchi, wapeni umri wa Calment. Mtu kafanya kazi miaka 35, analipwa miaka 60 akiwa nyumbani. Hakuna mfuko duniani utakaobaki umesimama. Njia itakuwa moja: umri wa kustaafu uende 90, 100. Na hapo ndipo na mimi naumia, kwa sababu kijana wangu ana shahada ya ualimu, yuko nyumbani, anaendesha bodaboda akisubiri ajira. Nafasi atakayoipata ni ya mtu kama mimi kutoka. Nikikaa shuleni mpaka miaka 100, nimemfukuza kazi mwanangu kabla hajaajiriwa.

#8 Mkaa Baraza

Mwalimu, njoo Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila aliefika miaka 70 anapewa pensheni jamii, awe alifanya kazi serikalini au alivua pweza. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadae ikawa 50,000. Kidogo, lakini haikuulizi utaishi mangapi.

#9 Binti wa Shy

Nimesoma toka juu, naona wote mnachukulia kwamba kuishi sana ni neema. Njooni kwetu Usukumani mwanamke afike miaka 80 muone.

Bibi yangu macho yake yalikuwa mekundu. Sababu yake iko jikoni: kibanda kisicho na dirisha, kuni mbichi, na kuni zikikosekana ni samadi kavu ya ng'ombe, kila siku ya maisha yake. Ukiingia humo dakika chache wewe mwenyewe unatoka unafuta machozi kwa upande wa kanga. Lakini kijijini macho mekundu yana tafsiri moja tu: uchawi. Mtoto wa jirani akaumwa degedege, maneno yakaanza. Baba alikwenda usiku kumchukua, akamleta mjini na mfuko mmoja wa nguo. Alikaa kwetu mpaka mwisho wake, hakurudi hata kuangalia shamba lake. Wenzake wawili wa rika lake pale kijijini hawakuwa na mtoto mjini. Sitaki kueleza zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza maadili ya kurefusha maisha, mimi naanzia hapo. Tuna jamii ambayo mzee wa miaka 75 anahitaji kulindwa na majirani zake, na sisi tunajadili 150. Na angalieni ni wazee gani. Mwanamume mwenye ng'ombe akizeeka anaitwa mtemi. Mwanamke asiye na kitu akizeeka anaitwa mchawi.

#10 Mwana wa Ganze

Dada Binti wa Shy, pole sana, na ujue hauko pekee. Huku Kilifi kwetu Kenya ni hivyohivyo, ila sisi hata wazee wa kiume hawaponi. Alama ya huku ni mvi. Chunguza kesi nyingi utakuta chini yake kuna shamba: mzee bado hai, wana wameshapata mnunuzi, mzee hataki kutia sahihi. Wanamwita mchawi ili mirathi iharakishwe. Pale Kaya Godoma, Ganze, kuna makao ya wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Ukiwakuta wameketi chini ya mwembe wanakusalimia vizuri, wanakuuliza habari za mvua, kisha mmoja anakuuliza kama umepita kwake na kama mnazi wake wa mlangoni bado upo.

Wazee wengine siku hizi wanapaka nywele rangi nyeusi. Yule Bryan Johnson wa California anataka kuonekana kijana kwa kuogopa kufa. Mzee wa Ganze anapaka piko kwa kuogopa kuuawa.

Ila mimi nitamuunga mkono Kisiki kwa jambo moja. Mwataka kujua viungo vya hao watu wa 150 vitatoka wapi? Mwaka 2025 hapa kwetu iliibuka kashfa ya figo, Eldoret. Vijana walijitokeza kusema waliuza figo zao, wapokeaji wakiwa wageni wenye pesa. Wizara ya Afya ikasimamisha upandikizaji katika hospitali iliyotajwa na kuunda kamati ya uchunguzi. Hizo ni figo za watu wanaotafuta kuponea leo. Sasa fikiria soko likiwa la watu wanaotaka kubadilisha figo kila baada ya miaka ishirini kama magurudumu.

#11 Bilionea Mtarajiwa

Nimekubali kunyamaza kwa Nesi na kwa Binti wa Shy, hizo ni hoja. Lakini Kisiki hujajibu swali langu na sasa nakubana.

Kama tatizo lako ni Biya, weka ukomo wa madaraka. Kama tatizo ni mzee kukalia ofisi, weka ukomo wa ofisi. Kama ni ardhi, rekebisha sheria ya ardhi na mirathi. Kwa nini umalize matatizo ya katiba kwa kutegemea watu wafe? Wewe kwa sababu ya mtu mmoja wa ikulu uko tayari bibi yako asipewe dawa. Huo ndio mkakati wenu wa mabadiliko, kusubiri msiba?

#12 Kisiki cha Mpingo

Bilionea, swali zuri, na nilijua litakuja.

Ukomo wa madaraka uko kwenye katiba nyingi Afrika. Uganda walikuwa nao wa mihula miwili, ukafutwa 2005. Ukabaki ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais, nao ukafutwa Desemba 2017, baada ya wabunge kushikana mashati ukumbini. Museveni yuko tangu Januari 1986. Kwa hiyo usiniambie "weka sheria" kana kwamba sheria hazikuwekwa. Ziliwekwa. Aliyekuwa na muda ndiye aliyezishinda. Muda ndiyo silaha yenyewe, na wewe unataka tumuuzie zaidi.

Bibi yangu usimwingize humu. Kuna tofauti ya kumtibu mtu ili azeeke vizuri na kuusukuma ukuta wenyewe wa umri. La kwanza nalitaka jana. Mkaa Baraza kalisema vizuri kuliko mimi: mzee aende msalani kwa miguu yake. La pili nalikataa mpaka nione mpangilio wake, kwa maana ya nani anaanza, kwa bei gani, na nani anatoa hicho kiungo. Jibu nililoliona mpaka sasa ni figo za Eldoret na plazma ya mtoto wa miaka 17.

Tena mfano wa miaka mingi upo. Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani, alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Kabla hajafa walichukua seli zake bila kumwomba ruhusa, na zile seli hazijafa mpaka leo, ziko maabara dunia nzima, zimesaidia chanjo ya polio na mengine mengi. Familia haikujua mpaka miaka ya sabini. Makubaliano na kampuni moja kubwa iliyokuwa ikiziuza yalifikiwa 2023. Mwili wa maskini umeshaishi milele, yeye mwenyewe hakufika 32.

#13 Binti wa Shy

Kisiki nakubaliana nawe kwa viongozi, ila huo mgawanyo wako wa "la kwanza ndiyo, la pili hapana" hautasimama. Dawa itakayofanya moyo na ubongo wa mtu wa miaka 85 ufanye kazi kama wa miaka 60, hiyo hiyo ndiyo itakayomfikisha 110. Hutaweza kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Na nani anawauguza hao wazee mnaotaka wafe kwa ratiba? Mama yangu aliacha genge lake kumhudumia bibi, miaka yote ile. Kumgeuza usiku, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko. Kaka zangu walikuwa wanatuma hela na salamu. Ikipatikana dawa ya kumfanya bibi ajiogeshe mwenyewe, mimi sitauliza Putin naye kaipata au hapana.

#14 Nesi wa Zamu

Umeniwahi, Binti. Wanasayansi wenyewe wengi wanasema lengo lao ni hilo, miaka ya afya, na umri kuongezeka ni matokeo tu.

Niwape jambo ambalo halitangazwi kwa sababu halina tajiri nyuma yake. Dawa mojawapo inayofikiriwa kuchelewesha magonjwa ya uzee ni metformini, hii hii ya kisukari, vidonge vya bei ya chini kabisa. Profesa Nir Barzilai wa New York miaka mingi sasa anataka kuwafuatilia watu 3,000 wenye umri wa miaka 65 hadi 79 waone kama inawachelewesha kuugua moyo, saratani na kusahau. Gharama yake ni makumi ya milioni za dola, sehemu ndogo sana ya zile bilioni 3 za Altos. Miaka imekwenda, fedha hazijatimia. Hataza iliisha zamani, hakuna wa kuvuna faida hata ikifanya kazi. Hapo ndipo ninaposemaga mimi: tusiangalie tu dawa ya matajiri itatufikia lini, tuangalie na ile ya maskini ambayo hata hawaipimi.

Na bado, tukiangalia wodi ya jirani yangu ya watoto wachanga, takwimu za nchi za 2022 ni watoto 24 katika kila 1,000 hawamalizi siku 28 za kwanza. Na kwa watoto wakubwa kidogo, dozi moja ya chanjo mpya ya malaria, R21, haifiki dola 4. Mwenye hela akitaka kuongeza miaka ya binadamu duniani, aanzie hapo kwa watoto.

#15 Mwalimu Daraja A

Asante sana Nesi, umetuelimisha. Hiyo metformini inauzwaje na mtu anameza ngapi kwa siku? Naulizia rafiki.

#16 Sitaki Shari

Hahaha! Mwalimu huyu huyu aliyesema hataki kumfukuza mwanawe kazi.

Na mimi nisaidieni, duka la dawa watanipa bila cheti?

#17 Nesi wa Zamu

Jamani hapana. Nimesema inafikiriwa, sijasema imethibitika. Utafiti wa Uingereza wa 2014 ulionyesha wagonjwa wa kisukari wanaoimeza wanaishi kuliko hata wasio na kisukari, watu wakashangilia. Wa Denmark wa 2022 ulipoangalia tena kwa upana haukuona hivyo. Kwa panya peke yake haikuleta mabadiliko ya maana. Na figo zikiwa na shida inaweza kukuletea madhara makubwa.

Mwalimu, kama rafiki yako ana miaka 57, mwambie aende kituo cha afya apime presha, sukari na figo. Presha wengi wanayo na hawajui, na dawa zake zipo, zimethibitika, na zinaongeza miaka kweli. Asiende duka la dawa, aende asubuhi akiwa hajala.